Fundi Aliyeibwa

"Afande, na mimi naomba niulize," alisema Jilala. "Mwizi gani anaachaga baiskeli anabeba nyundo?"

Sajenti Felisiani Werema alikuwa amekuja mahabusu asubuhi ile ya Alhamisi kumsomea Jilala mashitaka yake kabla ya kumpeleka mahakamani. Karatasi zote zilikuwa tayari. Jilala, mkulima wa pamba wa nje kidogo ya Bunda, alikutwa na baiskeli ya Clementi Kwangu ndani ya ghala lake. Alikiri kwamba aliikuta imelala kwenye shamba lake alilokuwa amelilima kusubiri mbegu, akaiburuta nyumbani. Kwangu mwenyewe, fundi wa mashine, hakuwa ameonekana tangu Jumamosi ya tarehe nane Novemba. Wala sanduku lake la spana halikuonekana.

"Rudia," Werema alisema.

"Ile ni Phoenix, Afande. Mpya. Mwaka huu wa themanini na sita mtu anatoa ng'ombe watatu na baiskeli kama ile haipati. Mimi nilipoiona nilijua Mungu amenikumbuka. Sasa huyo mwizi wenu ameiruka, akaiacha pale pale, akabeba sanduku la vyuma kuukuu? Ni mwizi gani huyo?"

Werema alimrudisha ndani, akaenda mezani kwake, akalifungua jalada upya.

Lilikuwa jalada lake mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe, na alikuwa amelifunga wiki moja iliyopita. Ushahidi mkubwa ndani yake ulikuwa barua iliyofika kwa posta siku nne baada ya fundi kutoweka. Ilikuwa na mhuri wa Musoma, haikuwa na jina, na iliandikwa kwa Kiingereza kwenye kipande cha karatasi ya kaki ya kufungia sukari:

*Fundi Kwangu was stolen on 8th. His box was stolen with him. Please be quick.*

Chini ya maneno "Fundi Kwangu" mwandishi alipiga mstari mmoja. Chini ya "was stolen" alipiga mistari miwili. Werema, aliyeishia kidato cha pili, alikuwa ameitafsiri pembeni kwa kalamu nyekundu: Fundi Kwangu aliibiwa tarehe 8. Sanduku lake pia liliibiwa. Fanyeni haraka. Halafu akaongeza: Mwandishi hajui Kiingereza vizuri.

Mengine yote aliyajenga juu ya tafsiri hiyo. Fundi alivamiwa njiani, akaibiwa baiskeli na sanduku. Ndani ya sanduku mlikuwa na vipuri vya wateja, vitu ambavyo hakuna duka lililokuwa navyo kutoka Mwanza mpaka Tarime. Akaona aibu kurudi mikono mitupu, akavuka mpaka kwenda Kenya kama mafundi wengi wa miaka ile. Baiskeli ikapatikana, mwizi akapatikana, jalada likafungwa.

Aliyekataa maelezo hayo alikuwa mtu mmoja tu, Robi, mke wa fundi. Tangu siku ile alikuwa akija kituoni kila asubuhi na kukaa kwenye benchi la nje, mgongoni mtoto wao aliyekuwa na homa tangu kabla baba yake hajatoweka. Werema alitoka akamkuta pale.

"Mama, nijibu tena. Mume wako alikuwa na ugomvi na nani?"

"Nilishakwambia. Hakuna mtu anagombanaga na Kwangu." Robi hakuinua macho. "Watu wanamgombania."

"Wanamgombania vipi?"

"Si wanakuja na mashine zao za mitumbwi? Wa ziwani huko. Wanalala kwangu siku tatu, nne, wanasubiri zamu. Madukani hakuna ringi, hakuna plagi, hakuna kitu. Yeye anachonga mwenyewe. Mashine imekufa miaka miwili anaiamsha. Mwezi wa tisa alikuja mmoja akamwambia twende ukae kwangu, uwe wangu peke yangu. Kwangu alikataa. Akasema mimi ni fundi wa watu wote."

"Huyo mmoja anaitwa nani?"

"Sikumuuliza. Wanakujaga wengi."

Werema alirudi ndani na kuitazama tena barua. Kilichomsimamisha sasa ni maneno matatu ya mwisho. Ikiwa ni baiskeli na sanduku tu vilivyoibiwa, mtu huyu alitaka haraka ya nini?

Upande ule wa Mara, karibu kila mtu aliyesema Kiingereza sawasawa alikuwa amepita mkononi mwa mtu mmoja. Ijumaa alfajiri Werema alitia petroli ya mgawo wa wiki nzima kwenye Landrova, akawachukua askari wanne, akamwambia Konstebo Bernado aelekeze gari Butiama.

Mwalimu Pelagia alikuwa anakata sabuni. Serikali ilikuwa imeanza kuruhusu bidhaa kuingia, lakini bei zake walimu wastaafu walizisikia tu, kwa hiyo aliendelea kupika yake kwa mafuta ya mbegu za pamba. Alikuwa ameimwaga kwenye trei la bati, na sasa aliigawa kwa uzi wa waya, kipande baada ya kipande, vyote vikiwa sawa kama vimepimwa kwa rula.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Polisi mnataka sabuni?"

"Nataka Kiingereza, Mwalimu."

Alimpa barua pamoja na tafsiri. Mwalimu alijifuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akasoma. Alisoma mara ya pili. Kisha akaigeuza karatasi, akanusa upande wa nyuma, akairudisha.

"Nani ameandika hapa kwa wino mwekundu?"

"Mimi."

"Vua kofia."

Werema alidhani ni heshima. Alipoivua tu, Mwalimu aliinyakua, akaificha nyuma ya mgongo.

"Nimefanya nini?"

"Umeniibia kofia, Mwalimu."

"Kitu gani kimeibwa?"

"Kofia imeibiwa."

"Hapo!" Mwalimu alimnyooshea kidole. "Hapo ndipo ulipopotea, na si wewe peke yako, nchi nzima inasema hivyo. Kofia haikuibiwa, Sajenti. Kofia haikuwa na kitu cha kuibiwa. Kofia imeibwa. Wewe ndiye umeibiwa. Kiswahili kinazitenganisha kwa herufi moja, na sisi kwa uvivu tumeitupa herufi hiyo. Mwingereza hawezi kuitupa kwa sababu anatumia maneno mawili mbalimbali. *Steal* na *rob*. Yote mawili ni wizi, lakini hayakai pamoja kwenye sentensi. Kila kitenzi cha namna hii kina kinachotendwa, tunaita yambwa. Yambwa ya *steal* ni kitu. Yambwa ya *rob* ni mwenye kitu. *I stole the cap. I robbed the sergeant.* Sasa geuza. Kilichoibwa ni *stolen*. Aliyeibiwa ni *robbed*."

Alimrudishia kofia. Werema hakuivaa.

"Kwa hiyo anayesema fundi *was stolen*…"

"Anasema fundi ni kofia."

Bernado, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka peke yake.

"Huenda alikosea, Mwalimu," Werema alisema. "Watu wengi wanakosea hapo."

"Wengi. Basi tuone kama huyu ni mmoja wao. Soma sentensi ya pili."

"*His box was stolen with him.*"

"*With him*. Pamoja naye. Angekuwa ni fundi kaibiwa sanduku angesema *from him*, kutoka kwake. Mtu aliyekosea neno la kwanza kwa kutojua asingelipata hili la pili. Ameviweka viwili bega kwa bega, mtu na sanduku, vyote vimebebwa kwa mkono mmoja. Halafu tazama mistari. Wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani anasisitiza."

"Anachambua sentensi. Mstari mmoja chini ya kiima, miwili chini ya kitenzi. Ndivyo nilivyofundisha, na nilifundisha hivyo shule moja tu, ya wasichana, miaka mitatu tu. Mkaguzi alipokuja alinikataza, akasema nawaharibia madaftari." Mwalimu aliketi kwenye kigoda. "Huyu ni mtoto wangu, Sajenti. Na ameniandikia mimi. Hakujua kama barua itanifikia, lakini aliiandika ili yeyote atakayejua asome."

Werema alitoa daftari na kalamu.

"Nilipofundisha maneno haya, binti mmoja alinyoosha mkono. Akauliza, Mwalimu, mtu anaweza kuwa *stolen*? Darasa likacheka sana. Nikawanyamazisha. Nikamwambia anaweza, siku ambayo mwenzake atamgeuza kitu. Akaandika. Nakumbuka kwa sababu wenzake walikuwa bado wanacheka na yeye anaandika."

"Jina lake?"

"Skolastika. Kwao Nyegina. Hakumaliza, walimtoa kidato cha pili wakamwoza Kiriba, kwa mwenye mitumbwi. Miaka kumi na sita imepita." Alivua miwani. "Nusa hiyo karatasi upande wa nyuma."

Werema alinusa. Chini ya harufu ya kaki kulikuwa na moshi na mafuta ya samaki. Karatasi hii alikuwa nayo kwenye jalada kwa siku tisa, na hakuwa ameigeuza hata mara moja.

"Kwa nini aandike Kiingereza?" Bernado aliuliza. "Angeandika Kiswahili tungeelewa siku ile ile."

"Na mwingine naye angeelewa," alisema Werema. "Mtu anayeishi naye nyumba moja."

Mwalimu Pelagia aliwasindikiza mpaka kwenye gari. Alishika ukingo wa dirisha na hakusema kwaheri. Alisema, "Miaka kumi na sita bila daftari. Na hakupoteza hata herufi moja."

Walipita Musoma bila kusimama, wakashika barabara ya vumbi ya rasi. Kilomita moja kabla ya mwalo wa Kiriba, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, Werema alivua sare, akavaa shati na suruali za kiraia za Bernado, akachukua kikapu. Askari wake aliwaacha kwenye gari nyuma ya kichaka cha minyaa. Mwaka ule kila siku alikuwa anafika mlanguzi mpya wa samaki, na hakuna aliyegeuka kumtazama mmoja zaidi.

Mitumbwi sita mikubwa ilikuwa imevutwa mchangani, na mitano ilikuwa na mashine nyuma. Werema alizihesabu mara mbili. Alikuwa amepita mialo mitatu njiani na kote aliona makasia tu. Mwanamume mnene mwenye kofia ya kapero aliamrisha vijana waliokuwa wanapakia mapipa ya petroli. Walimwita Baba Nyangeta. Juu kidogo, kwenye chanja za kubanikia, wanawake walikuwa wanageuza vipande vya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, na mafuta yake yalidondokea motoni na kuchemka. Mmoja wao, mrefu, macho mekundu kwa moshi, alikuwa anafunga samaki waliokauka kwa karatasi za kaki.

Werema alimwendea huyo.

"Mama Nyangeta, habari za kazi. Nauziwa?"

"Hawa wameshapata mtu. Njoo Jumatatu."

"Nimetumwa na mteja wa Butiama. Mwalimu Pelagia. Anakusalimia."

Mikono ya mwanamke ilisimama juu ya karatasi. Ilisimama muda mfupi sana, ikaendelea kufunga.

"Bado mzima?"

"Mzima. Anapika sabuni. Amenifundisha maneno mawili asubuhi hii. Nilikuwa nimeyachanganya siku tisa nzima."

Mwanamke aliinama kuchukua kipande kingine, na alipoinama uso wake ulielekea motoni. Yule Baba Nyangeta, mumewe Alfonce, alikuwa hatua ishirini chini yao, anapiga kelele kuhusu pipa.

"Yuko banda la chumvi," alisema chini chini. "Nyuma ya yale mawe mawili. Wamemfunga mguu na cheni. Nilikuwaga nampelekea chakula, wiki hii wamenikataza. Keshokutwa Jumapili wanamvusha ng'ambo, kuna tajiri huko anamtaka na yeye."

"Ana walinzi?"

"Mmoja. Ana panga." Alimtupia kipande kikapuni, akapaza sauti. "Hicho chukua, msalimie! Wengine Jumatatu!"

Werema alishukuru kwa sauti kubwa, akapanda mlima na kikapu chake bila haraka. Alipopotea nyuma ya minyaa alianza kukimbia.

Mlinzi wa banda alikuwa amelala. Bernado alimnyang'anya panga kabla hajajua kama yu macho. Ndani kulikuwa na harufu ya chumvi na grisi, na mwanga uliingia kwa tundu za mabati. Kwenye mkeka katikati ya sakafu, mashine ya boti ilikuwa imefunguliwa yote, kila nati na kila boliti imepangwa kwa safu. Nyuma yake alikaa mtu mwembamba mwenye ndevu za wiki mbili. Cheni ya baiskeli ilimshika kifundo cha mguu na kumfunga kwenye nguzo. Kando yake palikuwa na sanduku la spana, nalo limefungwa kwenye nguzo hiyo hiyo, kwa cheni hiyo hiyo.

Werema alizitazama pete mbili za cheni ile, ya mguuni na ya sandukuni. Alipiga magoti.

"Clementi Kwangu?"

"Ndiyo mimi." Sauti ilikwaruza. "Nyinyi ni wa ng'ambo?"

"Sisi ni polisi. Mkeo anakaa kwenye benchi langu kila siku."

Kwangu alifumba macho, akayafumbua. "Mtoto?"

"Homa imeshuka."

Bernado alikuwa anahangaika na kufuli kwa panga. Kwangu alimtazama kwa muda, kisha akachukua bisibisi kutoka kwenye safu, akaiingiza kwenye kufuli, akaizungusha mara moja. Kufuli likafunguka.

Werema alishangaa. "Ulikuwa unaweza kujifungua?"

"Tangu siku ya pili. Lakini niende wapi? Mbele ziwa, nyuma kijiji chake. Ningekamatwa wangenivunja miguu. Mikono wasingeigusa." Alisimama akishika nguzo. "Walikuwa na mashine sita zilizokufa. Tano nimeziamsha. Akasema ya sita ikiwaka nitasafiri. Basi hii ilipona tangu Jumapili iliyopita. Kila asubuhi nimeifungua yote, kila jioni nimeifunga, nimeacha kitu kimoja nje ili isiwake. Wananikuta nafanya kazi. Nilisema labda kuna mtu amejua niko huku."

Werema alikuwa askari kwa miaka kumi na minne na alikuwa ameokota watu wengi, karibu wote wakiwa maiti. Alitazama zile boliti zilizopangwa kwa safu, halafu mikono iliyozipanga, ikiwa imechubuka mpaka kwenye nyama. Alimpa fundi shati la Bernado lililokuwa mwilini mwake, akabaki kifua wazi mbele ya askari wake.

Alfonce walimkuta pale pale mchangani. Alipomwona Kwangu anateremka mawe kwa miguu yake, kapero yake ilimdondoka na hakuiokota. Vijana wake walitawanyika. Pingu zilipomshika alikuwa ameanza kupata sauti.

"Mimi sikumdhuru! Muulizeni! Alikula, alilala. Nilikuwa nimemchukua tu anitengenezee, ningemrudisha!" Aligeuka huku na huku kwa wanawake waliokuwa wameacha chanja zao na kusogea. "Nani? Nani ameniuza? Nani kati yenu ameniuza?"

Werema alikuwa ameshaamua tangu njiani kwamba jina la mwandishi halitaingia kwenye jalada. Angeandika "msamaria" na kumaliza. Mwanamke huyu angebaki hapa, kwenye kijiji cha mumewe, na ndugu wa mumewe kila nyumba.

"Mpakieni," aliwaamuru askari. "Maswali atauliza mahakamani."

"Ngoja, Afande."

Skolastika alipita katikati ya wenzake. Alikuwa bado ameshika karatasi ya kaki. Alisimama mbele ya mumewe, karibu kiasi kwamba Alfonce alirudi nyuma nusu hatua.

"Hakuna aliyekuuza, Baba Nyangeta," alisema. Hakupaza sauti, lakini mwalo mzima ulimsikia. "Kinachouzwa ni kitu. Wewe ni mtu, na mtu anashitakiwa. Nimekushitaki mimi."

 

Mwanamke alimgeukia Werema, akanyoosha mkono kuomba kalamu. Sajenti aliitoa kwenye mfuko wa suruali, akampa. Skolastika aliikunjua karatasi ya kaki juu ya ukingo wa mtumbwi, akayaandika majina yote mawili, lake na la baba yake, kwa mwandiko wa shule, kisha akamkabidhi mbele ya watu wote.

"Weka kwenye jalada," alisema. "Na siku ya kesi mniite kwa jina hilo."